Mafundi wanaijua hatari, mbona hawafungi mkanda?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa saiti ya jengo la ghorofa 3 huku Ihumwa, Dodoma. Nina mafundi na vibarua kama 40. Helmeti zipo, buti zipo, mikanda ya usalama ipo 12. Wamefundishwa, na ukiwauliza habari za kuanguka wanakujibu vizuri kuliko mimi. Ila ukigeuka tu, mtu yuko juu ya jukwaa hajajifunga. Nimebandika picha za watu walioanguka, nikaanza kutoza sh. 5,000 kwa kila ninayemkamata. Wiki ya kwanza walitii, sasa wamerudi kule kule, tena wameweka mtu wa kuchungulia nikija. Hivi hawa watu hawaogopi kufa? Na niendelee na faini?

JIBU: Salama ndugu yangu, pole na majukumu. Kufa wanaogopa kama unavyoogopa wewe. Wasichoamini ni kwamba kifo hicho kiko kwenye jukwaa hilo, leo, kwa mtu kama wao, na kwamba ule mkanda ungewaokoa.

Fundi anapoamua kujifunga au kuacha, kichwani mwake yapo maswali manne, hata kama hayatamki. Nikianguka nitaumia kiasi gani? Mimi naweza kuanguka? Hiki kifaa kitanisaidia kweli? Na kukitumia kutanigharimu nini? Ronald Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliweka maswali ya namna hii kwenye mpangilio mmoja mwaka 1975, akaupanua mwaka 1983, na mpaka leo unatumika sana kuchunguza kwa nini watu hujikinga au hawajikingi. Mafunzo yako na zile picha vimejibu swali la kwanza, ambalo mafundi wako walikuwa na jibu lake tangu mwanzo. Yale matatu hayajaguswa.

Nianze na la pili, maana hapo ndipo fundi na msimamizi hugombana na wote wawili wakawa wakweli. Tufanye hesabu ya mfano tu, isichukuliwe kuwa takwimu ya saiti yoyote. Tuseme kupanda mara moja bila kujifunga kuna nafasi 1 kati ya 200,000 ya kuanguka. Fundi anapanda mara 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, jumla mara 500. Kwa wastani itamchukua miezi 400, yaani miaka 33, mpaka aanguke mara moja. Anapokwambia "nimefanya kazi hii miaka 15 sijawahi kuanguka", hakudanganyi, na kwa macho yake mwenyewe hatari hiyo haipo. Sasa zidisha kwa watu 40. Saiti inapanda mara 20,000 kwa mwezi, na kila baada ya miezi 10 kuna mtu chini. Hatari ni ile ile moja. Wewe unaitazama ya saiti nzima, yeye anaitazama ya kwake, na kila anaposhuka salama kazi yenyewe inamwambia kwamba mkanda ulikuwa wa nini. Inamwambia hivyo mara 20 kwa siku. Kikao chako cha asubuhi kina dakika 10.

Ongeza na hili: karibu kila mtu hujiona mwangalifu kuliko wenzake. Ola Svenson alipowauliza madereva wa Marekani na Sweden mwaka 1981, wengi wao walijiweka upande wa wanaoendesha salama kuliko dereva wa kawaida, jambo ambalo haliwezekani kwa wote. Waulize bodaboda wa stendi yoyote ya Dodoma utapata jibu hilo hilo. Kwa hiyo ukisema "watu wanaanguka", fundi anasikia "watu wazembe wanaanguka".

Halafu jukwaa hilo kalifunga yeye. Mwaka 1969 Chauncey Starr aliandika kwamba watu hukubali hatari kubwa zaidi pale wanapojiingiza wenyewe kuliko pale wanapoingizwa. Paul Slovic, kwenye makala yake ya 1987, alieleza kuwa hofu ya watu haifuati idadi ya vifo. Inapanda pale hatari inapokuwa ya kutisha, isiyoeleweka, isiyo mikononi mwao. Jukwaa la mirunda analolijua fundi halina hata moja ya sifa hizo. Ndiyo maana mtu yule yule anayetembea juu ya ubao mmoja urefu wa mita 6 kwenda juu atakataa kata kata kugusa soketi yenye waya uliochubuka.

Hapo hapo utaielewa ile kauli ya "ajali haina kinga" na "siku ikifika imefika". Wasimamizi wengi huichukua kama imani inayowazuia watu kujikinga, wakaanza kuhubiri. Mimi siipi uzito huo. Mwambie huyo huyo ashike waya wa umeme kwa mkono wenye maji, uone kama atakwambia siku ikifika imefika. Kauli hiyo hutoka pale mtu anapoona jambo haliko kwenye uwezo wake, au anapoona hata akilisema hakuna atakayelirekebisha. Ukiisikia sana saitini kwako, kagua kwanza ni malalamiko gani yalipelekwa kwa fomani yakafia huko.

Swali la tatu, la kifaa kusaidia, ndilo ninalokuomba ulichunguze kabla ya kumlaumu mtu. Chukua mkanda mmoja katika hiyo 12, ushike mkononi. Kwanza tazama kama ni wa kiuno tu au ni hanesi ya mwili mzima yenye mikanda ya mabega na mapaja na pete mgongoni. Mkanda wa kiuno peke yake haufai kumkamata mtu anayeanguka. Nguvu yote inakuja tumboni na kwenye uti wa mgongo, na mtu anaweza kuumizwa na ule mkanda wenyewe au kuchomoka nao. Kama ndiyo uliyo nayo, mafundi wanaoidharau wana haki.

Kama ni hanesi kamili, pima kamba. Iliyo ya kawaida ina mita 2, na mara nyingi ina kile kifuko cha kupunguza mshtuko ambacho kikichanika kinarefuka mpaka kama mita 1.75. Kutoka kwenye pete ya mgongoni mpaka nyayoni weka mita 1.5, na mita 1 ya tahadhari. Jumla ni mita 6.25 kutoka pale kamba ilipofungwa kwenda chini. Sasa jukwaa la ghorofa ya kwanza liko mita 3 au 4 kutoka ardhini. Fundi aliyefunga kamba usawa wa miguu yake atapiga chini kabla kamba haijamaliza kazi yake. Hajui hesabu hii, lakini jicho lake linamwambia kuwa kamba ni ndefu na chini ni karibu. Anaona mkanda ni wa kumridhisha bosi, na kwa urefu huo anaona sawa.

Na inafungwa wapi? Sehemu ya kufungia inatakiwa kuhimili kilonewtoni 12, ambazo ni kama uzito wa tani 1.2. Mrunda uliopigiliwa misumari au kufungwa kwa waya wa nondo hauhimili mshtuko huo, hasa ukiwa umekaa juani msimu mzima ukapasuka, au mchwa wameula kwenye tako lake. Mtu akijifunga kwenye mrunda kama huo na akaanguka, anaweza kuliangusha jukwaa pamoja na wenzake. Panapofaa ni nguzo ya zege iliyokwisha kukomaa, kwa kuizungushia mkanda maalumu wa kufungia, au boriti ya chuma, na iwe juu ya kichwa cha fundi kadiri inavyowezekana, maana kila unapoipandisha unapunguza mwanya wa kuanguka.

Kwa urefu huo mdogo wa ghorofa ya kwanza, ushauri wangu ni kwamba hanesi isiwe kinga yako ya kwanza. Weka vizuizi vya pembeni. Jukwaa liwe na upana usiopungua sentimita 60, mbao zikiwa zimebanana bila pengo, na zimefungwa zisiinuke kwa upepo. Reli ya juu iwe kama mita 1 kutoka kwenye mbao, ya kati iwekwe ili pasibaki mwanya unaozidi sentimita 47, na chini kabisa ubao uliosimamishwa kwa ubavu, wenye kimo cha sentimita 15, unaozuia nyundo na matofali yasidondoke. Jukwaa lote lifungwe kwenye jengo, lisiegemee tu. Kwa Dodoma hili lina uzito wake, kwa sababu upepo wa kiangazi unavuma mchana kutwa, na ukitundika turubai au wavu wa vumbi kwenye jukwaa lisilofungwa umelitengenezea tanga. Ngazi iwe na mwinamo wa mita 1 nje kwa kila mita 4 za kwenda juu, ipite sakafu ya kutua kwa mita 1, ifungwe juu. Ukiwa na hivyo, watu 40 wanalindwa bila mtu mmoja kuamua chochote asubuhi. Hanesi ibaki kwa wachache wanaofanya kazi pasipowekeka reli: wanaofunga na kufungua jukwaa lenyewe, na wale wa paa. Hapo 12 zinaweza kutosha.

Kuna njia nyingine ya kutumia hanesi ambayo huku haitumiki sana: kamba fupi inayomzuia fundi asifike ukingoni kabisa. Hakuna kuanguka, hakuna hesabu ya mita 6. Kwa kazi za juu ya slabu inatosha.

Na kwa wale wa paa, kabla hawajapanda, uwe na jibu la swali hili: akining'inia, nani anamshusha na kwa kitu gani? Mtu aliyetulia akining'inia kwenye hanesi anaweza kuzidiwa ndani ya dakika chache kwa sababu damu inabaki miguuni. Ngazi ya kumfikia iwe pale pale. Fundi akiliona hilo limepangwa, ndipo anapoanza kuamini kuwa mkanda haukuletwa kwa ajili ya wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini.

Swali la nne, la gharama, msimamizi huwa halioni kwa sababu halipi yeye. Mikanda iko stoo, ufunguo ana stoo-kipa, na stoo-kipa kaenda kupokea saruji. Fundi wa kipande aliyekubaliana bei kwa mita ya mraba anapoteza kila dakika anayoisubiri. Hanesi ina mikanda minne ya kurekebisha, aliyeivaa jana alikuwa mnene. Kamba inafika mita 2, kazi inaenda mita 5, kwa hiyo afungue na kufunga mara kadhaa, na pale katikati, wakati amefungua, ndipo hatari ilipo. Helmeti saa 8 mchana mwezi wa Novemba inachemsha kichwa, na maji ya kunywa yako getini. Hizi ni gharama za uhakika, za leo, zinazolipwa na yeye. Kuanguka ni kwa kubahatisha, na ni kwa siku isiyojulikana. Hata msomi angechagua vile vile.

Gharama hizi ndizo rahisi kuziondoa. Toa mikanda stoo, itundike chini ya kivuli palepale wanapoanzia kupanda. Mpe kila fundi wa juu hanesi yake yenye namba, akishairekebisha mwilini asiigawe. Tafuta kamba yenye ncha mbili ili ndoano moja iwe imeshika wakati nyingine inahamishwa. Maji yapande juu kwenye madumu, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 kwa anayefanya kazi juani. Na kwa mikataba ya kipande, muda wa kujifunga uwe ndani ya bei, la sivyo unamlipa fundi ili asijifunge.

Sasa hizo picha. Kosa lake ni kwamba zinatisha bila kumpa mtu pa kwenda. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale maelezo kuhusu pepopunda, wengine ya kutisha sana, wengine ya kawaida. Kiwango cha hofu hakikubadilisha idadi ya waliokwenda kuchanjwa. Kilichobadilisha ni karatasi yenye ramani ya zahanati ya chuo na kuombwa kupanga saa ya kwenda: waliopata maelekezo hayo walikwenda kama asilimia 28, waliokosa asilimia 3. Hofu bila njia humfanya mtu ageuze macho, na baada ya wiki mbili picha zinakuwa sehemu ya ukuta. Tena mtu aliye kwenye picha hajulikani, jengo halifanani na la kwenu, kwa hiyo ni ajali ya kwingine.

Badala yake tumia matukio ya nusura ya hapo hapo. Ubao uliopinduka Jumanne, karai lililochomoka kwenye kamba, fundi aliyeteleza akashika mrunda. Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1973 kwamba watu hukadiria uwezekano wa jambo kwa urahisi wa kulikumbuka, na kinachokumbukwa ni kile kilichompata mtu unayemjua, mahali unapopajua. Kila asubuhi uliza swali moja: jana nini kilitaka kutuumiza? Atakayesema asilaumiwe, na kilichosemwa kirekebishwe kabla ya kesho yake, hata kama ni kwa misumari miwili. Usiporekebisha, usilaumu ukimya wa asubuhi inayofuata. Kumbuka pia kwamba faini yako inaua chanzo hiki: nani atakwambia kateleza, wakati kuteleza ni ushahidi kuwa hakujifunga?

Jambo moja la swali la kwanza linafaa kusemwa, maana hata mafundi wazoefu hulikosea: urefu mdogo. Wanaogopa ghorofa ya 3, wanadharau ngazi. Kutoka mita 3 mtu anafika chini kwa sekunde 0.8, akiwa na kasi ya kilometa 28 kwa saa, na kwenye saiti chini hapana nyasi, pana nondo zilizosimama na mawe. Nondo zote zinazotazama juu zifunikwe, hata kwa ubao wenye tundu.

Nageukia upande ambao hujauliza, kwa sababu ndipo hisia za watu zinapodanganya zaidi. Vumbi. Dodoma vumbi ni hali ya hewa, mtu amelivuta tangu akiwa mtoto, kwa hiyo fundi wa vigae anayekata kwa grenda ndani ya chumba kilichofungwa haoni jambo geni. Lakini vumbi la jiwe lililokatwa sasa hivi ni tofauti na la barabarani. Graniti, zege na vigae vya kaure vina silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga), na chembe zinazoingia ndani kabisa ya mapafu ni zile zisizoonekana, ndogo kuliko sehemu 1 ya mia ya milimita. Ugonjwa wa mapafu unaotokana nalo kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, hauna dawa ya kuuondoa, na unamweka mtu kwenye hatari kubwa ya kifua kikuu. Hakuna maumivu leo, hakuna damu, hakuna mwenzake aliyeanguka. Vigezo vyote vinavyoamsha hofu havipo, ndiyo maana utamkuta mtu kafunga kitambaa mdomoni akijiona kamaliza. Kitambaa kinazuia mchanga, zile chembe ndogo zinapita.

Hapa maneno hayasaidii, onyesha. Jioni kama saa 12, au ndani ya chumba chenye giza, mwambie mmoja akate kigae kwa sekunde chache, wewe washa tochi kali nyuma ya vumbi, nao wasimame upande wa mbele wakitazama kuelekea kwenye mwanga, tochi yenyewe ikiwa imekingwa kwa ubao isiwachome macho. Wataona wingu ambalo mchana halikuwepo, limejaa mpaka walipokuwa wanadhani wako mbali nalo. Wasubiri dakika tano, waone bado linaelea. Rudia kukata huku maji yakitiririka kwenye diski, walau nusu lita kwa dakika, walinganishe. Mashine iwe ya kukatia kwa maji. Grenda ya kawaida ya umeme usiimwagie maji, utabadilisha hatari moja kwa nyingine. Baada ya hapo barakoa zenye kichujio cha daraja la N95 au zaidi hazitahitaji kusukumwa sana, ila hakikisha mwenye ndevu anajua haimbani vizuri.

Mashimo ya maji taka nayo yana udanganyifu wake. Udongo wa huku ukiwa mkavu unasimama wima kama ukuta, mchimbaji anaingia mita 3 bila wasiwasi. Mvua moja ya Desemba, au bomba linalovuja karibu, unabomoka. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani 1.5. Kuanzia kama mita 1.2 weka mihimili ya kuzuia kuta au zilazwe mteremko, na udongo uliochimbwa ukae mbali na ukingo.

Yote haya yanaharibiwa na siku moja: siku ya kumwaga slabu. Zege halilali, kila mtu anajua. Siku hiyo mikisa imewaka tangu alfajiri, karai zinapita, na fomani anayewakumbusha watu mikanda siku zote anakuwa wa kwanza kuruka kizuizi. Mafundi wanasoma hapo. Dov Zohar, alipochunguza viwanda 20 vya Israeli mwaka 1980, alionyesha kuwa wafanyakazi wana picha ya pamoja ya namna usalama unavyothaminiwa kazini kwao, na msimamo wa uongozi ni sehemu kubwa ya picha hiyo. Torbjørn Rundmo, aliyewachunguza wafanyakazi wa majukwaa ya mafuta ya Norwei miaka ya 1990, alifika mbali zaidi: hisia ya hatari na mwenendo wa hatari vyote viwili huota kwenye hali ya kazi na kujali kwa viongozi, kwa hiyo kubadilisha hisia peke yake hakutegemewi kubadilisha mwenendo. Nakubaliana naye. Jiandalie siku ya zege siku mbili kabla: reli zote ziwe zimewekwa, njia ya karai iwe ya upande mmoja, zamu ya pili ya watu iwepo, na fomani ajue kwamba akimwona mtu ukingoni, mikisa inasimama. Mara moja tu ikisimama kweli, habari itazunguka saiti nzima.

Kabla ya kurekebisha chochote, pima, usije ukapigania tatizo lisilo lako. Chukua makopo 6, kila moja liwe na kitu au mchoro wa kazi moja: jukwaa, grenda, shimo, kuchomelea, karai la zege linalovutwa kwa kamba, nondo. Mpe kila mtu kokoto 10. Nyuma ya turubai, fomani akiwa mbali, azigawe kwa swali hili: kipi kinaweza kukuumiza wewe kabla jengo halijaisha? Hesabu, mwaga, rudia kwa swali la pili: kipi kinaweza kumuumiza mtu yeyote hapa saiti? Kopo lenye kokoto nyingi raundi ya pili na chache raundi ya kwanza ndilo lenye wale wanaosema "wazembe ndio wanaumia". Kopo lililo tupu raundi zote, na mara nyingi litakuwa la grenda, hilo linahitaji maonyesho kama yale ya tochi. Na kama jukwaa limejaa raundi zote mbili, basi hatari wanaiona vizuri, acha kuwafundisha, kashughulike na kifaa na gharama. Mafundi na vibarua wagawe kokoto kila kundi peke yake, majibu yao hayafanani. Kibarua mpya huja na hofu nzuri, na huipoteza siku anapoona wenzake wanamcheka, kwa hiyo mwanzoni mpange afanye kazi na fundi anayejifunga.

Sambamba na hilo, kwa wiki mbili hesabu kinachotendeka, bila majina. Zunguka saa 2 asubuhi, saa 5, saa 8 na saa 10 jioni. Andika wangapi walitakiwa wawe wamejifunga na wangapi walikuwa wamejifunga: 5 kati ya 18, 9 kati ya 16. Uliza mmoja au wawili, kwa upole, "leo kimekuzuia nini?" Ukiona asubuhi iko juu na saa 8 imeanguka, tatizo lako ni jua na uchovu. Ukiona upande mmoja wa jengo uko chini siku zote, kaangalie huko, hakuna pa kufungia. Idadi hiyo ibandike mahali zilipokuwa picha.

Kuhusu faini: acha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka masharti juu ya makato ya mshahara, na kumkata mtu kienyeji kunaweza kukuletea kesi. Vifaa na mazingira salama vimewekwa mabegani mwa mwajiri na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, hivyo huwezi kumtoza fundi kwa kutofunga kamba mahali usipompa pa kuifungia. Pia mtu anayeogopa faini huficha jeraha dogo, likija kuwa kubwa hakuna taarifa ya tukio, na madai ya fidia kwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, yanaanza kwa mabishano. Ulichonunua kwa hizo 5,000 ni yule mchunguliaji.

Baada ya reli kuwekwa, pa kufungia kupatikana na hanesi kuwa mahali pake, wapo wawili watatu watakaoendelea kukataa. Hao washushwe wafanye kazi za chini siku hiyo, waonywe kwa mdomo, wakirudia waonywe kwa maandishi kwa utaratibu wa nidhamu wa kampuni. Utaratibu huo huo umguse fomani, na kwa kuwa yeye ndiye anayetazamwa, ukimkuta yeye kwanza, anza naye.